Maandishi ya akili mnemba yanasikika kama mashine: nirekebishe wapi?

Swali: Natumia programu ya akili mnemba kuandika makala, barua za kazi na matangazo kwa Kiswahili. Makosa ya wazi siyaoni, lakini wasomaji wananiambia maandishi yana harufu ya mashine. Nimeiambia programu iandike "kama binadamu", nikajaribu pia zile programu zinazodai kuyapa maandishi sura ya kibinadamu, zikayaharibu zaidi. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye maudhui, ndugu msomaji, kabla hujagusa neno hata moja. Mwenye rasimu ya namna hii kwa kawaida hutafuta maneno ya kubadilisha. Maneno nayo yana kasoro zake, na tutayafikia, lakini msomaji anayesema maandishi yana harufu ya mashine mara nyingi analalamikia jambo zito zaidi: amesoma aya nzima na hakuambiwa kitu. Tazama aina ya jibu linalotoka ukiagiza tu "andika aya kuhusu kutunza betri ya simu":

"Katika ulimwengu wa leo wa kidijitali, simu janja zimekuwa sehemu muhimu ya maisha yetu ya kila siku. Hata hivyo, changamoto ya betri kuisha haraka inaendelea kuwakumba watumiaji wengi. Ni muhimu kutambua kwamba utunzaji sahihi wa betri yako unaweza kuchukua jukumu kubwa katika kuongeza maisha yake, kuboresha utendaji wake na kuhakikisha uzoefu bora wa matumizi. Kwa kufuata mbinu hizi rahisi lakini zenye nguvu, utaweza kupata manufaa makubwa zaidi kutoka kwenye kifaa chako."

Sarufi haina tatizo, tahajia haina tatizo. Sasa ijaribu: palipo na "betri" weka "tairi", palipo na "simu janja" weka "baiskeli". Ukiliondoa lile neno "kidijitali", aya inasimama vilevile. Sentensi inayokubali kuhamishiwa jambo lolote haisemi lolote kuhusu jambo lako, na hata ungempa mwandishi stadi aipambe kwa Kiswahili kitamu, ingebaki tupu. Linganisha na hii:

"Betri ya lithiamu adui yake ni joto, na huchakaa upesi ikikaa muda mrefu imejaa pomoni au imekauka kabisa. Ukiichaji simu usiku kucha chini ya mto unaipa yote mawili kwa mpigo: joto na kujaa. Ichomoe ikifika asilimia 80, ichaji kabla haijashuka chini ya 20. Simu utakayoiweka kabatini kwa miezi iache na chaji nusu. Betri nyingi za simu hutengenezwa zibaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko kamili 500 ya kuchaji au zaidi. Yako ikichoka mapema kuliko hapo, chunguza joto linatoka wapi."

Aya ya pili ingeweza kuandikwa na mashine vilevile, mradi ingepewa hoja hizo. Kilichobadilika ni kile kilichoingizwa.

Inafaa ujue kwa nini mashine hukimbilia aya ya kwanza, maana ukijua hutapoteza muda kuibembeleza. Modeli ya lugha, yaani mtambo unaoziendesha programu hizi, huandika kwa kukisia kipande kinachofuata kutokana na vilivyotangulia. Isipopewa jambo mahususi, huangukia maneno yanayotokea mara nyingi zaidi, yaani yale yanayofaa kila mahali. Kisha, baada ya kulishwa maandishi, modeli hizi hunolewa kwa maoni ya watu wanaopima majibu yake, na jibu la upole, lililopangika, lenye utangulizi na hitimisho ndilo hupata alama. Tabia hiyo huacha alama zinazohesabika. Uchambuzi wa mihtasari zaidi ya milioni 15 ya tafiti za tiba na sayansi za viumbe, uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Science Advances, ulifuatilia maneno ya Kiingereza yaliyoongezeka ghafla tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022. Waandishi wake walikadiria kwamba angalau asilimia 13.5 ya mihtasari ya mwaka 2024 ilipitia kwenye programu hizi.

Kwa Kiswahili mzigo ni maradufu. Katika maandishi yanayokusanywa intanetini ili kuzifunza modeli, Kiingereza kinakaribia nusu, na Kiswahili ni sehemu ndogo mno ya asilimia moja. Tena sehemu ya hicho kidogo ni tafsiri tangu mwanzo. Matokeo yake, modeli imejifunzia namna ya kupanga hoja, kuanza sentensi na kumsemesha msomaji katika Kiingereza, kisha ikaivika maneno ya Kiswahili. Harufu unayoambiwa ni ya mashine na ya tafsiri kwa pamoja, na kila moja inataka dawa yake.

Tuanze na kazi ya kabla ya rasimu, maana ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kabla hujaifungua programu, andika mwenyewe hoja tano hadi saba ambazo ni za jambo hili tu: kipimo, tarehe, jina la sehemu, sababu, kosa ambalo watu hulifanya, jambo ambalo wengi huliamini na si kweli. Ongeza mstari mmoja unaotaja msomaji ni nani na atafanya nini akimaliza kusoma. Kama kuandika kunakuwia vigumu, rekodi sauti yako kwa dakika tatu au nne ukimweleza mtu mmoja unayemfahamu, kisha igeuze kuwa maandishi. Rekodi hiyo ni hazina, kwa sababu mpangilio wa mazungumzo yako, maneno uliyoyarudia na mahali ulipokaza sauti ni vitu ambavyo programu haiwezi kuvibuni kwa niaba yako.

Pamoja na hoja hizo, bandika aya mbili au tatu ulizoziandika wewe siku za nyuma, jumla ya maneno kama 300 hadi 500, za aina ileile ya kazi. Ukitaka barua, bandika barua, usibandike shairi. Agizo la "andika kama binadamu" halina kipimo ndani yake, na modeli hulijibu kwa kuongeza alama za mshangao na maneno ya uchangamfu. Mfano halisi una kipimo: urefu wa sentensi, kiwango cha heshima, msamiati. Andika na maelekezo yenyewe kwa Kiswahili, kwa sababu ukiagiza kwa Kiingereza unaisogeza zaidi kwenye ile njia ya tafsiri.

Jambo jingine ambalo watu hulijaribu ni kupiga marufuku maneno. Linasaidia kidogo sana. Ukikataza "ni muhimu kutambua", utaletewa "inafaa kuzingatia", na ukikataza hilo litakuja "hatuna budi kukumbuka". Ni ndugu wa tumbo moja. Kinachozaa maneno hayo ni sentensi isiyokuwa na cha kusema, kwa hiyo kataza kwa upande wa maudhui: iagize itumie hoja ulizoipa peke yake, isiongeze utangulizi wala hitimisho, na pale hoja zinapoisha ikome. Omba pia kipande kimoja kimoja. Makala ya maneno 1,500 ikiagizwa kwa mkupuo mmoja huja na aya zinazolingana kama matofali. Ukiomba sehemu moja, ukaisahihisha, ukaibandika tena kabla ya kuomba inayofuata, sehemu ya pili huanza kufuata marekebisho yako.

Rasimu ikija, kata kwanza, rekebisha baadaye, maana hakuna sababu ya kunyoosha sentensi utakayoitupa. Futa aya ya kwanza yote usome kuanzia ya pili. Mara nyingi hakuna kilichopotea. Fanya vivyo hivyo kwa aya ya mwisho. Halafu nenda kwenye sentensi ya mwisho ya kila aya. Programu hizi hupenda kufunga kila aya kwa sentensi inayorudia kilichokwisha kusemwa, aghalabu ikianza na "kwa njia hii", "hivyo basi" au "hii inaonyesha". Ifute. Zilizobaki zipitishe kwenye lile jaribio la tairi na baiskeli. Usishtuke maneno 600 yakibaki 350. Kama kazi ilitakiwa iwe ya maneno 600, nafasi iliyoachwa wazi ni ya hoja nyingine, na kuitafuta hoja hiyo ni kazi yako.

Sasa Kiswahili chenyewe. Hapa tutakaa, kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka kuhusu jambo hili uliandikwa kwa ajili ya Kiingereza na hauigusi lugha yetu.

Tazama vitenzi kabla ya kitu kingine chochote. Kiswahili huishi kwenye kitenzi. Rasimu ya mashine huishi kwenye nomino, ikaweka kitenzi dhaifu mbele yake. "Kufanya uchunguzi wa" ni kuchunguza. "Kutoa maelezo kuhusu" ni kueleza. "Kuwa na uelewa wa" ni kuelewa. "Kufanya maamuzi" ni kuamua. Pitia rasimu ukitafuta "kufanya", "kutoa", "kuwa na" na "kuweka". Kila unapokuta kimoja kikifuatwa na nomino iliyozaliwa na kitenzi, kirudishe kitenzi chenyewe. Hatua hii peke yake hufupisha maandishi na kuyapa mwendo.

Halafu minyambuliko. Mashine husema "aliandika barua kwa ajili ya mama yake" pale ambapo sisi tunasema "alimwandikia mama yake barua". Husema "kisu ambacho kinatumika kwa kukata nyama", nasi tuna "kisu cha kukatia nyama". Dirisha ambalo hakuna aliyelivunja kwa makusudi, nalo "lilivunjwa", ilhali "lilivunjika" lingetosha. Ukiona "kwa ajili ya" au "kwa kutumia" zaidi ya mara moja katika aya, shuku kwamba kuna kitenzi kilichonyimwa kiambishi chake.

Nyakati zinafichua zaidi. Masimulizi ya mashine hupanga -li- mfululizo: "Aliamka, alinawa uso, alivaa na alitoka." Msimuliaji yeyote wa Kiswahili angesema "Aliamka, akanawa uso, akavaa, akatoka." Hiyo -ka- ndiyo inayoshikanisha matukio, na ikikosekana mashine huziba pengo kwa "kisha", "baada ya hapo" na "zaidi ya hayo". Masharti nayo huja na "kama utachaji" badala ya "ukichaji". Mambo ya kawaida yasiyo na wakati maalumu huja na -na-, wakati hu- ipo: maji yanachemka sasa hivi jikoni, lakini kwa kawaida maji huchemka kwa nyuzi 100 kwenye usawa wa bahari. Ukizirudisha -ka-, -ki-, -po- na hu- mahali pake, utashangaa viunganishi vingapi vinaanguka vyenyewe. Nusu ya zile "aidha", "hata hivyo" na "vilevile" zilizotapakaa mwanzoni mwa sentensi zilikuwa zinafanya kazi ya viambishi.

"Ambaye" na jamaa zake si kosa, ila hulemea. "Watu ambao wanatumia simu ambazo zina betri ambazo zimechakaa" inasomeka. "Wanaotumia simu zenye betri chakavu" inasikika. Iache "amba-" pale ambapo urejeshi ukiingizwa ndani ya kitenzi ungekifanya kizito, au penye wakati usioupokea, kama -me-.

Kuna kasoro moja ambayo hata wahariri wazoefu huipita, nayo ni namna ya kukazia. Kwa Kiingereza mkazo hujengwa kwa sentensi ya "ni kitu fulani ambacho", na mashine huinakili: "Ni joto ambalo linaharibu betri." Sisi tunayo ndi-: "Joto ndilo linaloharibu betri." "Hapo ndipo", "hivyo ndivyo", "huyo ndiye" ni mishipa ya lugha hii, na rasimu isiyokuwa na hata mmoja katika kurasa mbili inasikika baridi bila msomaji kujua kwa nini. Pia tunao uhuru wa kutanguliza kile tunachokizungumzia: "Sababu hii wengi hawaijui." Mashine karibu kila mara itaandika "Watu wengi hawajui sababu hii", kwa mpangilio uleule wa mtenda, kitenzi, mtendwa. Huhitaji kugeuza kila sentensi. Geuza ile ambayo ungeigeuza ungekuwa unaongea.

Vimilikishi navyo vimezidi. "Nawa mikono yako kwa sabuni kabla ya kula chakula chako." Mikono ya nani mwingine? "Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula." Tafuta kila "-ako" uifute, kisha irudishe pale tu maana inapopotea.

Kuna misemo mizima iliyobebwa jinsi ilivyo. "Jisikie huru kuwasiliana nasi" ni "ukiwa na swali, tuandikie". "Linapokuja suala la malipo" ni "kuhusu malipo", au anza tu na malipo yenyewe. "Natumai ujumbe huu unakukuta ukiwa salama" iondoe, weka salamu ambayo kweli ungemsalimia mtu huyo. "Moja ya mambo muhimu zaidi" mara nyingi ni "jambo kubwa". Kuwa mwangalifu na "changamoto": imegeuka kuwa jina la kila kitu, kuanzia bomba lililopasuka hadi deni na ugonjwa. Bomba likipasuka, sema limepasuka.

Heshima haina budi kukaguliwa kwa jicho lako, maana mashine haijui unamwandikia nani. Kwa mkubwa kicheo au kiumri "nahitaji unitumie fomu" inasikika kama amri. "Naomba unitumie fomu" ndiyo lugha. Tangazo la watu wengi linataka "mnaombwa" na "mnakaribishwa", lakini rasimu humsemesha kila mtu kwa "wewe" na "yako" kana kwamba ni tangazo la bidhaa.

Yapo mambo madogo yanayoweza kuleta hasara ya kweli. La kwanza ni saa. Mkutano wa saa 2:00 asubuhi hutoka kwenye mashine ukiwa "saa 8:00 asubuhi", saa isiyokuwepo katika hesabu yetu, na nusu ya waalikwa watakuja kwa saa tofauti. Kila saa iliyotajwa ihesabu upya: tofauti ni sita. La pili ni upatanisho katika sentensi ndefu. "Matokeo ya utafiti uliofanywa na wataalamu ulionyesha" lina kosa, kwa sababu kilichoonyesha ni matokeo: "yalionyesha". Kitenzi kikiwa mbali na nomino yake, rudi nyuma uitafute. La tatu ni istilahi zinazoyumba: ukurasa mmoja una "akili bandia", "akili unde" na "akili mnemba", au "kompyuta" juu na "tarakilishi" chini. Chagua neno wanalolitumia wasomaji wako, ulishike hadi mwisho. La nne ni vichwa vya habari ambavyo kila neno, hata "ya" na "za", limeanza kwa herufi kubwa. Huo ni mtindo wa vichwa vya Kiingereza.

Methali sitazipitia kwa urefu. Rasimu ikifungua kwa "kama wahenga walivyosema" na hakuna sababu, itoe. Methali iliyobandikwa ili maandishi yaonekane ya Kiswahili hufanya kinyume chake. Vivyo hivyo maneno kama "kumbe", "mbona", "basi" na "kwani": kila moja lina kazi. "Kumbe" hutaka jambo lililogunduliwa, "mbona" hutaka jambo linaloshangaza likiulizwa. Ukiyanyunyiza kama chumvi, yanafichua zaidi kuliko kuficha.

Baada ya hapo, soma kwa sauti. Usisome kwa macho ukidhani unasikia. Toa sauti, au mpe mtu mwingine akusomee bila kujiandaa. Pale anapojikwaa, pale anaporudi nyuma, pale pumzi inapomwishia, tia alama na uendelee, usisimame kurekebisha. Utagundua sentensi za mashine zina urefu unaokaribiana mno, maneno 18 hadi 25, moja baada ya nyingine. Utagundua pia mafungu ya tatu tatu ("haraka, rahisi na salama") na ule muundo wa "si tu… bali pia". Kimoja katika ukurasa si tatizo. Vitano ni wimbo, na msomaji huacha kusikiliza maneno akaanza kusikia mdundo. Katika yale mafungu ya tatu, uliza lipi ni la kweli, ubaki nalo. Usizikatekate sentensi ovyo ili tu zitofautiane. Sentensi fupi iwe fupi kwa sababu hoja yake imeishia hapo. Ujumbe wa maneno 200 hauhitaji vichwa vidogo, orodha yenye vidoti, wala maneno yaliyokozwa wino.

Kuna hatua moja ambayo haihusu sauti kabisa, nami ningekuomba usiiruke: hakiki kila jina, tarakimu, nukuu na tarehe. Maandishi yaliyolainishwa hushawishi zaidi, kwa hiyo uongo uliobaki ndani yake una nguvu zaidi kuliko ulivyokuwa kwenye rasimu mbovu. Juni 2023 mahakama ya shirikisho ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zilizotaja kesi ambazo ChatGPT ilizibuni, zikiwa na majina na namba kamili. Jambo ambalo huwezi kulithibitisha mahali pengine, nje ya programu yenyewe, liondoe. Kuiuliza programu ileile kama ina uhakika si uthibitisho.

Kuhusu zile programu za kuyapa maandishi sura ya kibinadamu ulizozijaribu, sababu ya kuyaharibu inaelezeka. Nyingi hufanya kazi kwa kubadili maneno kwa visawe na kuvuruga mpangilio, kwa lengo la kuzipita programu za kutambua maandishi ya mashine. Kwa Kiswahili kisawe hakiingii peke yake, kwa sababu kila nomino huburuta ngeli yake. Badilisha "tatizo" kuwa "changamoto" katika "tatizo hili kubwa limeongezeka" na unapata "changamoto hili kubwa limeongezeka": neno moja limebadilika, upatanisho umevunjika mara mbili. Zidisha kwa kila sentensi. Na baada ya vurugu zote hizo, utupu wa aya ya kwanza haujaguswa.

Usizifukuzie hizo programu za utambuzi pia. OpenAI yenyewe, kampuni inayotengeneza ChatGPT, ilitoa chombo cha kutambua maandishi ya mashine Januari 2023, na kwa maelezo yake kilibaini asilimia 26 tu ya maandishi hayo, huku kikiyashtaki kimakosa asilimia 9 ya maandishi ya watu. Julai mwaka huohuo kikafungwa kwa sababu ya usahihi mdogo. Mwaka huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vyombo saba kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine. Vyombo vya namna hii huangalia zaidi jinsi maneno yanavyotabirika, na mtu anayeandika kwa msamiati mchache hutabirika. Kama hali ndiyo hiyo kwa Kiingereza, lugha ambayo vyombo hivi vilijengewa, alama vinazozitoa kwa Kiswahili usizikubali kuwa ushahidi, ziwe za kukusifu au za kukushtaki.

Kwa hiyo usitie makosa ya tahajia kwa makusudi, wala misimu ya mtaani kwenye barua ya kazi, ili uonekane mtu. Msomaji hakukulalamikia kwa sababu maandishi yako ni safi. Na kama shule au ofisi unayoipelekea kazi imeagiza itajwe kuwa akili mnemba imetumika, itaje. Hatua zote hizi ni za kumfikishia msomaji jambo lenye maana, haziwezi kuwa njia ya kumficha ukweli huo.

Mwishoni mwa kila kazi tenga dakika kumi. Fungua faili moja, na humo weka sentensi tano ulizozirekebisha: juu ile ya mashine, chini yake ya kwako. Ukianza kazi inayofuata, bandika jozi nne au tano kati ya hizo kwenye maelekezo pamoja na zile aya zako za mfano. Jozi hufundisha vizuri kuliko kanuni, kwa sababu zinaonyesha ulitoka wapi ukafika wapi. Zibadilishe kila baada ya kazi chache, ukiondoa zile ambazo kosa lake halijirudii tena. Ukiona kosa moja linarudi hata baada ya kuonyeshwa jozi zake, kama lile la kutaja saa, usipoteze muda kuiagiza mashine zaidi. Liandike kwenye orodha fupi ya mambo ya kukagua kwa mkono kabla hujatuma.